Kifaransa kati ya Bagamoyo na Mlimani: Historia ya Somo katika Nchi ya Wakwere na Wazaramo

Zegereni ni eneo la viwanda lililo katika Kata ya Visiga, Halmashauri ya Mji wa Kibaha, kwenye ukanda ambao makazi ya Wakwere yanakutana na ya Wazaramo walioenea hadi Kisarawe, na kwa sura yake ya leo si mahali ambapo mtu angetarajia kuanzia historia ya lugha ya Kifaransa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia hiyo nchini Tanzania imepita jirani na hapo: kaskazini yake iko Bagamoyo, ambako mapadre wa Kifaransa walijenga misheni yao mwaka 1868, upande wa bahari iko Dar es Salaam, na ndani yake Mlimani, kilima cha Chuo Kikuu ambako Kifaransa husomwa kwa ngazi ya shahada, na upande wa bara inapita Reli ya Kati, iliyobeba kwa miongo kadhaa shehena za koloni la Wabelgiji. Wanaoeleza asili ya somo hili huanza na uhuru, kwa hoja kwamba taifa jipya lilihitaji watu wa kuzungumza na majirani, na hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaficha jambo lenye uzito zaidi: kwa karibu karne moja kabla ya kuwapo chuo kikuu, kazi ya kitaalamu baina ya Kifaransa na Kiswahili ilifanywa na Wafaransa waliokuja kukaa chini ya Waswahili kama wanafunzi.

Uhusiano wa pwani na watu wa Ufaransa, kwa upande mwingine, haukuanza kwa vitabu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa kila mtu, piasta zikiwa sarafu za fedha zilizotumika katika biashara ya Bahari ya Hindi wakati huo, na watu hao walikusudiwa kwenda kutumikishwa katika mashamba ya Île de France, kisiwa ambacho sasa ni Morisi, na ya Bourbon, ambacho sasa huitwa Réunion. Mkataba wa biashara kati ya Ufaransa na Sayyid Said, Sultani wa Unguja, ulifuata mwaka 1844. Sura hii ni rahisi kurukwa katika masomo ya utamaduni wa Kifaransa, nayo haistahili kurukwa, kwa sababu Armand Fava, padre aliyefungua misheni ya Kikatoliki Unguja mwezi Desemba 1860, alitoka katika kisiwa hichohicho cha Réunion, ambako utumwa ulikuwa umefutwa miaka 12 tu kabla ya hapo.

Misheni ya Unguja ilikabidhiwa mwaka 1863 kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lenye makao yake Paris, chini ya Padre Antoine Horner, na miaka mitano baadaye shirika hilo likavuka bahari na kuweka kituo chake kikuu Bagamoyo. Humo walikusanywa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakafundishwa dini, kilimo na kazi za mikono, na kwa kuwa walikuwa wametoka katika makabila mengi ya bara, lugha iliyowaunganisha wao kwa wao, na iliyowaunganisha na mapadre, ilikuwa Kiswahili. Kifaransa kilibaki kuwa lugha ya meza ya mapadre, ya barua zao kwa wakubwa wao na ya taarifa zilizochapishwa kwa wafadhili huko Ulaya. Kwa hiyo aliyelazimika kujifunza lugha ya mwenzake, tangu siku za mwanzo, alikuwa mgeni.

Kutoka Bagamoyo mapadre walitembea. Étienne Baur na Alexandre Le Roy waliandika kitabu cha safari, À travers le Zanguebar, ambacho kichwa chake kidogo kinataja nchi walizopita: Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara, zote zikiandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, hata Ukwere ikawa Oukwèré. Msomaji wa Kibaha atakayekifungua kitabu hicho atakutana na nchi ya wazee wake ikielezwa kwa wasomaji wa Ufaransa. Le Roy hakuishia katika safari. Baadaye alikuwa askofu Gabon, kisha mkuu wa shirika lake zima, na mihadhara aliyoitoa katika Taasisi ya Kikatoliki ya Paris, ambayo ni chuo cha elimu ya juu, ilichapishwa mwaka 1909 ikiwa kitabu juu ya dini za watu aliowaita wa kale, akitegemea kwa kiasi kikubwa aliyoyaona kwa Wabantu wa Afrika Mashariki na ya Kati. Neno aliloliteua lina kiburi cha zama zake. Lakini ukweli unabaki kwamba imani na desturi za watu wa bara la Bagamoyo zilikuwa zimekwisha kuwa somo katika ukumbi wa mihadhara wa Paris zaidi ya nusu karne kabla ya Kifaransa kuwa somo katika ukumbi wa mihadhara wa Dar es Salaam.

Mwanazuoni mkubwa wa kundi hilo alikuwa Charles Sacleux, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufika pwani mwaka 1879, akaishi baina ya Unguja na Bagamoyo hadi mwaka 1898. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilichapwa Unguja mwaka 1891 kwa mitambo ya misheni. Sarufi yake na uchunguzi wake wa lahaja, yaani namna mbalimbali za kusema Kiswahili kufuata miji na visiwa, zilitoka mwaka 1909. Na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilitolewa Paris kwa majuzuu mawili, kuanzia mwaka 1939, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Kamusi hiyo, yenye kurasa zaidi ya elfu moja, haimpi msomaji maana tupu: huonyesha neno ni la Amu, la Mvita, la Unguja au la visiwa vya Ngazija, hufuatilia asili yake katika Kiarabu, Kiajemi au lugha za Kibantu, na linapokuwa jina la mti au jani, huongeza jina la Kilatini la mmea huo, kwani Sacleux alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Hadi leo mtafiti wa lahaja za Kiswahili hawezi kuikwepa, na kwa kuwa maelezo yake yote ni ya Kifaransa, mtafiti huyo ama ajue Kifaransa ama ategemee aliyoyanukuu mwingine. Hapa ndipo penye sababu nzito ya Mtanzania kusoma Kifaransa chuoni, na ni ajabu kwamba sababu hii hutajwa mara chache kuliko utalii na kazi za ubalozi.

Bara zaidi kulikuwa na mkondo mwingine. Shirika la Mapadre Weupe, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers, lilipeleka msafara wake wa kwanza kutoka Bagamoyo mwaka 1878, na kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, kilichojengwa kwanza na Wabelgiji, kikawa chake mwaka 1885. Huko Karema aliishi tangu mwaka 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956 Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa uganga wa kisasa Malta, ambaye pengine ndiye Mwafrika wa mwanzo mwenye elimu ya juu ya Kizungu aliyefanya kazi maisha yake yote katika ardhi ya Tanzania huku akiwa na Kifaransa kama lugha ya taaluma yake.

Utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, ulihakikisha kwamba Kifaransa hakiwi lugha ya ofisi. Kilirudi kwa njia ya reli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walibaki na Ruanda-Urundi pamoja na Kongo yao, nchi zisizokuwa na njia fupi ya kufika Bahari ya Hindi ila kupitia Tanganyika, na kwa makubaliano ya tarehe 15 Machi 1921 walipewa na Waingereza maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka na bila kikomo cha muda. Shehena zilizoandikwa kwa Kifaransa zilipita Pugu, Soga na Ruvu, katikati ya Uzaramo na Ukwere, ndani ya mabehewa yaliyofungwa, na wenyeji wa vituo hivyo hawakuwa na sababu ya kujifunza hata neno moja. Mkataba huo usio na kikomo ndio uliomgusa Julius Nyerere, kiongozi wa Tanganyika. Uhuru ulipokaribia, serikali yake ilikataa kufungwa na mkataba wa milele uliowekwa na mkoloni juu ya ardhi ya Tanganyika, na msimamo wake wa jumla, kwamba nchi huru haina budi kuipitia upya mikataba iliyoirithi na kuchagua ipi idumu, umeingia katika vitabu vya sheria za kimataifa kwa jina la Kanuni ya Nyerere.

Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili. Kati ya tarehe hizo Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa, mwaka 1963, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekewa makao Dar es Salaam, mji ambao ghafla ulijaa wajumbe ambao baadhi yao walijadili mambo kwa Kifaransa. Somo la Kifaransa likapata nafasi katika Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, isimu ikiwa ni taaluma ya kuchunguza lugha yenyewe. Mwaka 1978 kikaanzishwa Chuo cha Diplomasia, Kurasini, kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, ambako Kifaransa hufundishwa kwa ajili ya utumishi wa nje. Baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, nacho kilikiingiza katika orodha ya masomo yake. Vituo vya Alliance Française, jumuiya iliyoasisiwa Paris mwaka 1883 ili kueneza lugha hiyo, huwapokea wanaotaka vyeti vya DELF na DALF, ambavyo hupima uwezo wa mwanafunzi kwa ngazi sita kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya bingwa.

Mwanafunzi Mswahili anayeingia darasa la Kifaransa huonywa juu ya jinsi ya nomino, yaani kila jina kuwa la kiume au la kike, na kulazimisha kivumishi kilifuate. Onyo hilo limetungwa kwa ajili ya Waingereza. Anayesema tangu utotoni kwamba kitabu chake kizuri kimepotea na miti yake mizuri imekatwa ana ngeli nyingi kichwani, na jinsi mbili za Kifaransa ni mzigo mwepesi kwake. Vivyo hivyo, Mfaransa husema je le vois, akitanguliza kiwakilishi cha mtendwa kabla ya shina la kitenzi, kama Mswahili anavyokitia ndani ya ninamwona. Ugumu wa kweli uko katika matamshi, hasa irabu za puani na ile u ambayo hutamkwa midomo ikiwa imekunjwa, pamoja na herufi za mwisho zinazoandikwa bila kusomwa, jambo linalomkera mtu aliyezoea tahajia inayosema kila kilichoandikwa.

Upande wa utamaduni, kozi hugawanyika baina ya Ufaransa yenyewe na Frankofonia, yaani jumla ya nchi na watu wanaotumia Kifaransa, ambayo shirika lake liliasisiwa Niamey mwaka 1970 na ambalo Tanzania si mwanachama wake. Sehemu ya pili ndiyo yenye mizizi nchini. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni juu ya mtumishi wa nyumba ya mkoloni ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Boi, na ya Mariama Bâ wa Senegali kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, na zote mbili zinasomeka kwa Mswahili kana kwamba zimeandikwa jirani. Mfaransa Saint-Exupéry naye amepata Mwana Mdogo wa Mfalme kutoka kwa wachapishaji Mkuki na Nyota. Hata hivyo, Shakespeare alifasiriwa na Rais Nyerere mara mbili, na hakuna mwandishi Mfaransa aliyepata bahati ya namna hiyo.

Ajira zilikuja kwa mikupuo. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kukaa Arusha hadi mwaka 2015, ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wakisema Kinyarwanda, ikawa darasa kubwa la ukalimani, ambao ni ufasiri wa maneno yanayosemwa papo hapo. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Sasa zamu imefika Kibaha: katika Bandari Kavu ya Kwala, mahali pa kushushia na kukagulia makontena mbali na bahari, nchi jirani zikiwemo Burundi, Rwanda na Kongo zimetengewa maeneo ya mizigo yao. Mazingira hayo yanatofautiana na ya Belbase kwa jambo moja la msingi, kwamba ardhi ni ya Tanzania na mwenye kupanga masharti ni Tanzania, na wakala wa forodha atakayeweza kusoma ankara ya Bujumbura au ya Lubumbashi bila mkalimani atatafutwa huko kabla ya mwalimu wa fasihi ya Paris.