Shahidi Mmoja wa Corralitos

Ala iliyowatia wajuzi wa zilzala katika mjadala wa miaka ishirini haikuwekwa kwa ajili ya zilzala hata kidogo. Ilikuwa koili ya waya iliyosimikwa Corralitos, katika milima ya Santa Cruz huko California, na Antony Fraser-Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye muradi wake ulikuwa kupima mawimbi ya sumaku yaendayo taratibu mno, hata wimbi moja huweza kuchukua sekunde 100 kabla ya kukamilika.

Basi tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11:04 jioni, ardhi ya Loma Prieta ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 6.9 lililoua watu 63, na kitovu chake kilikuwa kilomita 7 tu kutoka kwenye ala ile. Na vipimo vyake vilipokuja kukaguliwa baadaye, ilionekana ya kuwa mstari uliozoea kwenda chini chini ulianza kupanda siku 12 hivi kabla ya msiba, na zilipobaki saa tatu ukaruka juu mno.

Dhana ya kwamba ardhi huweza kutoa ishara ya sumaku au umeme kabla ya zilzala haikuwa ngeni. Huko Ugiriki, tangu 1981, Varotsos, Alexopoulos na Nomikos, ambao herufi za mwanzo za majina yao ziliipa njia yao jina la VAN, walikuwa wakifukia elektrodi ardhini ili kunasa mikondo ya umeme, wakiamini ya kuwa mwamba, ukandamizwapo hadi karibu na kikomo cha stahamala yake, hutoa umeme kabla ya kuvunjika. Wakapata wafuasi, na wapinzani wakali zaidi.

Lakini kwa kadhi, shahidi mmoja aghalabu hatoshi. Wa pili alitafutwa Parkfield, kwenye mfumo wa nyufa za San Andreas, ule ule wa Loma Prieta, ambako Wamarekani walitandaza ala za kila namna kuingoja zilzala waliyotabiri kuwa ingetukia kabla ya 1993: ikachelewa hadi 28 Septemba 2004, ikaja kwa ukubwa wa 6.0, na ala za sumaku na umeme zilikuwa zimenyamaza kimya hadi dakika ya mwisho.

Mwaka 2009 Thomas, Love na Johnston waliulinganisha mchoro wa Corralitos na vipimo vya sumaku ya dunia vya mahali pengine, wakahukumu ya kuwa yaelekea ala yenyewe ilikuwa na kasoro. Shahidi hawakumwita mwongo. Walisema alikuwa mgonjwa siku aliyoona.