Majina Yaandikwe Wenyewe Wangali Hai

Dikembe Mutombo alipofika Washington mwaka 1987, hakufuata mpira. Alikuwa kijana wa Kinshasa, urefu wake mita 2.18, aliyepitia Boboto, shule ya mapadre Wajezuiti, kisha akapata msaada wa masomo kutoka Marekani. Alitaka kuwa daktari. Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho nacho ni cha Wajezuiti, kilimpokea Kiingereza kikiwa bado kinamshinda, na msimu wa kwanza hakucheza mechi hata moja ya timu ya chuo.

Kocha John Thompson ndiye aliyemvuta kwenye mpira wa kikapu. Thompson alikaa Georgetown misimu 27, kuanzia 1972 hadi 1999, akashinda mechi 596, na mwaka 1984 akawa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa mkuu wa vyuo vikuu vya Marekani. Ofisini kwake, juu ya meza, aliweka mpira uliotolewa upepo. Mchezaji aliyeitwa kwa mazungumzo aliketi akitazamana na ngozi ile iliyonywea. Kocha alitaka vijana wajue kwamba iko siku mpira utawaishia, na siku hiyo watahitaji kitu kingine cha kushika. Kwa hiyo aliwabana kwenye masomo kama alivyowabana uwanjani. Mwezi wa Januari 1989 Mutombo alizuia mitupo 12 katika mechi moja dhidi ya St. John's, mwaka 1991 akatoka chuoni na shahada ya isimu na diplomasia.

Yaliyofuata yanajulikana: misimu 18 ya NBA, mitupo 3,289 iliyozuiwa, tuzo ya mlinzi bora mara nne, na kidole kile kilichotikiswa kumwambia mpinzani kwamba hapa hupiti. Mwaka 2015 jina lake likaingia katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu, Springfield, jimbo la Massachusetts.

Ukumbi huo wenyewe ni mtoto wa chuo. Mwezi wa Desemba 1891 mwalimu James Naismith alitundika vikapu vya matunda katika chumba cha mazoezi cha shule ya YMCA mjini Springfield, akawapa wanafunzi wake mchezo wa kuwachangamsha wakati wa baridi. Shule hiyo ndiyo Springfield College ya leo. Ukumbi ulipofungua milango mwaka 1968, jengo lake lilikuwa katika eneo la chuo hichohicho. Kuanzia awamu ya kwanza ya majina, mwaka 1959, makocha waliheshimiwa pamoja na wachezaji. Thompson aliingia mwaka 1999. Wakamfuata vijana wake wa Georgetown, wakiwemo Patrick Ewing mwaka 2008, Alonzo Mourning mwaka 2014, kisha Mutombo. Anayesoma majina hayo anaona mwalimu na wanafunzi wake pamoja, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko medali zote.

Ndoto ya udaktari nayo haikupotea. Mwaka 2007 hospitali yenye vitanda 300 ilifunguliwa Masina, Kinshasa, kwa jitihada na fedha nyingi za Mutombo. Ina jina la mama yake, Biamba Marie, aliyefariki katika siku za vurugu ambapo njia ya kumfikisha hospitali ilikuwa imefungwa. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Heshima yake aliipokea kwa mikono yake mwenyewe.

Ndaye Mulamba, mchezaji wa soka wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, hakuwa na bahati kama hiyo. Mwaka 1974, nchini Misri, alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika, idadi ambayo ilikuwa haijafikiwa na mtu katika mashindano hayo. Fainali na Zambia ilirudiwa baada ya sare ya 2-2, Zaire ikashinda 2-0, na magoli yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalikuwa yake. Miaka 20 ikapita kabla ya kualikwa Tunisia kupewa nishani. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea, kwa kuwa habari zilisema amekufa katika machimbo ya almasi ya Angola. Kumbe yu hai, Afrika Kusini, akiishi kwa shida bila watu kumtambua. Alifariki mwaka 2019.

Habari ile ya machimbo iliaminika upesi, nasi wa Salamabila, mashariki mwa Kongo, tunaelewa kwa nini. Hapa dhahabu ya Namoya huwavuta vijana kabla hawajamaliza shule, na kijana akishaingia shimoni, anayekumbuka alivyokuwa akicheza ni wale waliocheza naye tu. Kujenga ukumbi kama wa Springfield kunahitaji fedha ambazo maeneo yetu ya Kabambare na Kasongo hayana. Daftari gumu, la kutunzwa ofisini kwa mkuu wa shule, kila shule inaweza kulipata. Liandikwe jina la mchezaji, mwaka, mashindano, na katika mstari huohuo jina la mwalimu aliyemfundisha. Walimu wazee wa michezo bado wapo mitaani kwetu, nao wanayakumbuka majina mengi. Waulizwe mwaka huu.