Maji Moto ya Papo Hapo: Nafuu Dukani, Mzigo kwa Mwingine

Kenya ilipochapisha kanuni za kupasha maji kwa nguvu za jua mwaka 2012, wenye nyumba za kupanga hawakuzipokea kwa vigelegele. Kanuni ziliagiza kwamba jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungwe mtambo wa jua utakaotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka mitano, na msambazaji wa umeme akakatazwa kuunganishia stima jengo lililokaidi. Wenye majengo wakauliza: gharama hiyo itarudi vipi, na paa moja la ghorofa litabeba paneli za vyumba vingapi? Jibu lao la vitendo lilikuwa tayari limening’inia bafuni, nalo ni ile shawa ya umeme ya plastiki inayopasha maji yanapopita, bila tangi. Historia ya kifaa hicho inaonyesha kwamba hakikuenea kwa ubora wake tu. Kilienea kwa sababu anayekichagua mara nyingi siye anayelipa bili yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1868 mchoraji wa mapambo jijini London, Benjamin Waddy Maughan, alibuni hita ya gesi ambayo maji baridi yaliingia juu, yakashuka yakipashwa na hewa moto kutoka chini, kisha yakamiminika kwenye beseni. Haikuwa na bomba la kutolea moshi, kwa hiyo raha ya mwogaji ilikwenda pamoja na hatari ya kuvuta hewa ya sumu. Mwaka 1889 Edwin Ruud, Mnorwe aliyefanya kazi Pittsburgh, alichukua njia nyingine ya hita yenye tangi inayojiendesha yenyewe, na Marekani ikaizoea. Ulaya ilibaki kwa kiasi kikubwa na hita za gesi za papo hapo, zilizoboreshwa na watu kama Hugo Junkers wa Ujerumani.

Lakini shawa inayojulikana Nairobi asili yake ni Brazil. Ilibuniwa katika jimbo la São Paulo, ambako umeme wa maji ulikuwa mwingi na nyumba nyingi hazikuwa na bomba la gesi. Koili ndogo ndani ya kichwa cha shawa ilitosha, na swichi yenye alama za kiangazi na baridi ikamwachia mwogaji achague. Mjenzi aliepuka tangi, bomba la pili na chumba cha mtambo. Bei ya urahisi huo ilijitokeza mwaka 2001, ukame ulipokausha mabwawa ya nchi iliyotegemea umeme wa maji kwa sehemu kubwa kabisa. Kuanzia Juni, serikali ya Rais Fernando Henrique Cardoso ilizitaka nyumba nyingi zipunguze matumizi kwa asilimia 20, la sivyo zitozwe ziada au zikatiwe. Shawa ikawa miongoni mwa washtakiwa wa kwanza, maana mamilioni ya watu waliorudi kutoka kazini waliiwasha saa zilezile za jioni. Mgao uliendelea hadi mapema 2002. Fundisho lilieleweka: mnamo 2007 jiji la São Paulo lilipitisha sheria ya kudai mitambo ya jua katika majengo mapya ya aina fulani. Kilichokuwa akiba ya mjenzi kilikuwa kimegeuka kuwa deni la gridi nzima.

Watetezi wa shawa hii wana hoja nzito, nayo ni kwamba tangi hupoteza joto usiku kucha hata kama hakuna anayeoga. Ni kweli. Kupasha lita 50 kwa nyuzi 40 hula uniti 2.3 hivi, ilhali shawa ya wati 5,500 ikitumika dakika 10 hula chini ya uniti moja. Kwa mtu anayeishi peke yake chumba kimoja, hesabu inaipendelea shawa. Lakini hesabu hiyo haitaji ukubwa wa mzigo. Wati 5,500 ni sawa na balbu 550 za wati 10 kuwashwa kwa pamoja. Kwenye umeme wa volti 240 hiyo ni ampea 23, na fundi anayeiunga kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba anatega moto ukutani. Usalama wa mwogaji nao unategemea waya wa kuupeleka umeme ardhini, na hapo ndipo wanaobana gharama hukata kona. Maji ya kisima yenye chumvi hula koili ya kawaida, ndiyo maana madukani kuna shawa maalumu za maji ya chumvi. Na stima ikipotea, tangi bado lina maji moto. Shawa haina kitu.

Hoja yao ya pili, kwamba mitambo ya jua ni ghali, ni ya haki kwa anayejenga. Ila gharama inayokwepwa wakati wa ujenzi haifi, inahamia kwenye tokeni za umeme za mpangaji asiyeulizwa. Muda wa miaka mitano ulipokwisha 2017, kanuni zile hazikuwa zimetekelezwa kama zilivyokusudiwa, na mjadala ukapoa bila swali la nani abebe gharama kujibiwa. Si lazima shawa ya umeme ipigwe marufuku. Kwa nyumba ndogo inafaa, ikifungwa kwa waya mnene na swichi yake yenyewe. Linalopasa ni ghorofa za kupanga zitazamwe kwa hesabu ya miaka ambayo watu wataishi humo, na mwenye nyumba anayechagua kifaa cha bei ndogo abebe sehemu ya bili kinayoizaa.