Bonde la Nishati na Kamati ya Kisima

Rasimu moja ya istilahi za fizikia iliyonifikia mwaka huu inatutaka tuamini kwamba protoni na nyutroni, ndani ya kiini cha atomu, hukaa katika "kisima cha uwezekano". Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kumbe kamati imekaa, imejadili, imepitisha.

Tuanze na uwezekano. Mzizi ni weza. Ukanyambuliwa ukawa wezekana, na humo ikazaliwa nomino yenye maana ya jambo kuweza kutokea. Wanahisabati walishalichukua neno hili, na ni haki yao: uwezekano wa sarafu kuangukia upande wa kichwa ni nusu. Fizikia ya kwanta nayo haiendi hatua bila uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Sasa mwanafunzi apewe swali la kukokotoa uwezekano wa nyutroni kuwamo ndani ya kisima cha uwezekano! Kinachosemwa hapa ni nishati tuli, ile ambayo chembe inayo kwa sababu ya mahali ilipo.

Kisima nacho huchimbwa, na kuta zake husimama wima. Kinaufaa ule mfano sahili wa vitabuni ambamo nishati hushuka na kupanda ghafla, huko nakiachia. Lakini mwaka 1954, huko California, Roger Woods na David Saxon walionyesha kwamba ukuta wima hauelezi vizuri jinsi viini vinavyotawanya protoni. Umbo lao lina kitako bapa, chenye kina cha elektronivolti milioni 50 hivi, kwa kuwa protoni au nyutroni ya katikati huvutwa na jirani zake wa pande zote sawasawa, isielemee kokote. Ukingoni jirani wamebaki upande mmoja, hivyo nishati hupanda taratibu na chembe huvutwa kurudi ndani. Katika risasi 208, nusu ya kina hicho iko femtomita 7 na ushei kutoka kitovuni, na mteremko wenyewe una upana wa zaidi ya femtomita 2. Ni kisima gani hicho?

Kitako bapa na kingo za mteremko, Mswahili anaviita bonde. Neno hili ni letu tangu asili, halikuletwa na jahazi wala meli. Liko katika ngeli ya ji-ma, pamoja na jiwe na jicho. Likipewa -ni linakuwa bondeni. Na ndilo lililowapa jina Wabondei, majirani wa milima ya Usambara. Tena lina mwenzake. Protoni inayokuja kutoka nje husukumwa na umeme wa kiini kabla haijanaswa, kwa hiyo mchoro wake hupanda kwanza, ndipo ushuke. Mpinzani wangu mmoja anapaita hapo "kizuizi", kama kwamba kuna askari wa barabarani. Mimi napaita kilima cha nishati. Milima na mabonde: lugha ilikwisha kuyaoanisha kabla yetu.

Nilipopendekeza hivyo nilijibiwa kwa barua ya mistari miwili kwamba bonde ni "neno la wakulima". Naomba kuwakumbusha waheshimiwa wajumbe kwamba uga, wanaoutumia bila haya katika uga sumaku, ni kiwanja cha mbele ya nyumba, na wimbi wamelipata kwa wavuvi. Au mkulima peke yake ndiye asiye na mchango katika sayansi?

Matumizi ni mepesi: kina cha bonde, ukingo wa bonde, bonde la Woods na Saxon, nyutroni imenaswa bondeni.

Nimeirudisha rasimu yao nikiwa nimekata "kisima cha uwezekano" kila kilipotokea. Wakishindwa kulikubali bonde, wateue neno lolote lenye mteremko, lakini uwezekano wawarudishie wenyewe wanahisabati.