Jasho na Maana Zake

Mwambie mkulima wa Sotik akuuzie shamba lake la majani chai, naye huenda akakujibu kwa ukali, "Hili ni jasho langu." Wewe, msomaji, hutamwuliza jasho liko wapi. Wajua kwamba neno hilo ni maji yatokayo mwilini, na tena ni mali iliyochumwa kwa kazi.

Wayunani wa kale walisema vivyo hivyo. Neno lao ni hidros. Kwa neno hilo walitaja jasho la mtu na la farasi, utomvu wa miti kama manemane, na pia kitu alichokipata mtu kwa taabu yake. Katika mchezo wa Aristophanes ulioonyeshwa karibu na mwaka 391 K.K., wanawake wa Athens wanatwaa serikali na kuamuru mali yote iwe ya shirika. Bwana mmoja anakataa kutoa vyombo vyake. Aona ni upumbavu kulitupa jasho lake kabla ya kujua wenzake watafanya nini. Nadhani watazamaji walimcheka, ingawa wengi wao wangalifanya kama yeye.

Huko Sotik maana hizo mbili zilitenganishwa kwa nguvu. Mwaka 1905 serikali ya Waingereza ilipeleka askari kuwapiga Wakipsigis. Watu wengi waliuawa, na ng'ombe wakatekwa kwa maelfu. Kisha sehemu ya ardhi yao ikagawiwa walowezi. Mtu aliyebaki kwenye malisho ya baba yake akawa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amtumikie mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na ile ya mwaka 1937 ikaruhusu zifike 270. Hesabu mwenyewe zilizobaki za kulima shamba lake. Jasho la mwili lilikuwa lake. Jasho lililo mali lilikuwa la mwingine.

Makampuni yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Mkulima mdogo wa Kiafrika alingoja hadi miaka ya 1950, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA ya kushughulikia majani yake. Siku hizi hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hungoja bonasi mwisho wa mwaka wa hesabu. Bonasi ikija ndogo, simama karibu na kituo cha kununulia majani usikilize: neno utakalolisikia ni jasho.