Dermoskopi yasaidia kutambua madoa ya kinywani

Laare, mji ulio Igembe Kaskazini katika Kaunti ya Meru, unasifika kwa biashara ya miraa. Mtafunaji hulihifadhi tonge upande mmoja wa shavu kwa saa nyingi, na katika upande huo huo huweza kutokea utando mweupe usiotoka hata ukipanguswa. Madoa mengi ya kinywani hayana madhara. Ugumu ni kuyatofautisha na yale ya hatari.

Dermoskopi, mbinu iliyobuniwa kuchunguza ngozi, hutumiwa pia katika kazi hii. Kifaa chake ni kioo cha mkononi chenye taa, kinachokuza mara kumi hivi. Mwanga wake uliochujwa hupunguza mng'ao wa mate, daktari akaona rangi na vijishipa vya damu vilivyo chini kidogo ya utando. Ikilazimu kugusa kinywa, kifaa hufunikwa kwa plastiki nyembamba inayoona.

Doa la kahawia mdomoni lenye mistari sambamba au vijiduara kwa kawaida ni mrundiko tu wa rangi ya mwili. Uvimbe laini wa zambarau kwenye mdomo wa mzee mara nyingi ni mshipa wa vena uliotanuka. Vichembe vya manjano ni tezi za mafuta, ambazo watu wengi wanazo. Fizi nyeusi, zinazowatia wengine hofu bure, ni jambo la kawaida kwa Waafrika. Lakini buluu, kijivu na nyeupe zikionekana katika doa lisilo na mpangilio, daktari hushuku melanoma.

Kwa utando mweupe, kioo pekee hakitoshi. Hukatwa kipande kidogo kikapimwe maabarani. Utafiti uliofanywa Githongo, Meru, na kuchapishwa mwaka wa 1995, ulilinganisha watu 85 wenye leukoplakia na 141 wasio nayo. Wavutaji wa kiraiku, yaani tumbaku isiyosindikwa, walikuwa katika hatari mara kumi zaidi, ilhali miraa haikuonekana kuwa na uhusiano wa maana na ugonjwa huo. Hiyo si hati ya kuisafisha miraa, kwani wapo wanaotafuna huku wakivuta sigara.

Doa au kidonda kisichopona kwa wiki mbili hustahili kuonwa na daktari wa meno, liwe linauma au haliumi.