Mtu Baki, Si Mtu wa Tatu

Kuna tafsiri zinazoudhi sikio tu, na zipo zinazomlia mtu fedha. "Bima ya mtu wa tatu" ni ya kundi la pili. Ni tafsiri sisisi, imechukuliwa neno kwa neno kutoka Kiingereza cha wanasheria, na waliotupitishia hawakujiuliza hata mara moja Mswahili akiisikia ataanza kuhesabu kutoka wapi.

Hapa Nkuhungu, Dodoma, ameanza kuhesabu kutoka kwenye kiti. Dereva mmoja wa bajaji alipinduka mtaroni siku ya mvua. Kioo cha mbele kikapasuka, fok ikapinda. Akaenda kwa wakala. "Dada, nimefuata hela yangu ya bima." Akaambiwa bima yake ni ya mtu wa tatu. "Sasa si ndiyo mimi? Nilikuwa na abiria wawili, wa tatu mimi." Dereva yule hakukosea. Kwa Kiswahili tulichompa, hesabu yake ni sahihi kabisa.

Mtaani watu wamejitafutia jina lao: bima ndogo, kwa kuitofautisha na bima kubwa. Naliheshimu kwa kuwa limezaliwa vinywani mwa watumiaji, lakini nalo linapotosha. Mwenye bima ndogo huamini atalipwa kidogo, ilhali kwa hasara ya chombo chake mwenyewe halipwi hata senti. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo kukata bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya wengine. Kwa gari dogo binafsi watu wamezoea kulipa shilingi 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18 juu yake. Bima hiyo inamkinga yule utakayemgonga.

Yule ni nani kwa Kiswahili? Ni mtu baki. Neno hili halikuhitaji kubuniwa. Lipo, na kila bibi analijua. Wazee wakikaa kusuluhisha ndoa husema mambo haya yasifike kwa mtu baki, wakimaanisha asiye wa upande wa mume wala wa mke. Asili yake ni Kiarabu, baqiya, kusalia. Ndiyo baki ile ya hesabu za shule ya msingi, kinachobaki baada ya kutoa. Mkataba wa bima una pande mbili, mwenye chombo na kampuni. Waondoe hao wawili, anayesalia ni mtu baki. Hakuna haja ya kumpa namba. Hata neno bima lenyewe lilitufikia kwa njia ya heshima: Waajemi wana bim, yaani hofu, Wahindi wakawa na bima, nasi tukalipokea likiwa limekomaa. Lugha iliyoweza kuipokea hofu ya Waajemi na kuifanya kinga haishindwi kumtaja mtu aliyegongwa barabarani.

Nililieleza hili katika kikao kimoja cha istilahi. Mjumbe mmoja akasema "baki" linadhalilisha, kana kwamba tunamwita mtu makombo. Mwingine akaleta "bima ya wahusika wengine", na siku hizi naona wapo wanaoiandika kwa kujiamini. Hilo ni kosa zito kuliko lile la "mtu wa tatu". Aliyegongwa si mhusika wa mkataba; kutohusika kwake ndiko kunakompa jina. Pendekezo langu liliondolewa kwenye orodha, na hadi leo sijapewa sababu ya kiisimu.

Ingekuwa jambo dogo kama sheria zingebaki kwa Kiingereza. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Istilahi mbovu ikiingia humo, hakimu ataisoma, wakala ataikariri, na mwananchi atazidi kulipa asichokijua.

Matumizi ni mepesi: bima ya mtu baki, fidia ya mtu baki, madai ya watu baki.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Naiomba, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, iandike jina la mtu baki kwenye hati za bima, na chini yake sentensi moja: bima hii haitengenezi chombo chako. Nawe msomaji, kabla hujatoa fedha muulize wakala, "Nikipata ajali, analipwa nani?" Ukishalipa, hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya chombo, kwa sababu stika bandia zipo. Na kampuni ikikuzungusha, peleka lalamiko lako kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.